Mwenye Kofia Habishiwi

Jumamosi, 4 Julai

Shule imefungwa na mimi nimefunguliwa! Likizo nzima hakuna mwalimu atakayenisimamisha mbele ya darasa nisome kwa sauti. Nimepanda ngazi za ghorofa yetu mbili mbili, na jirani wa chini aliponisalimia nikamjibu, kwa furaha tu, kabla sijajikumbuka. Kwa kawaida huwa natabasamu na kukaza mwendo kama mwizi.

Naandika kwa lugha ya nyumbani ili isiniotee kutu. Shuleni nasoma kwa lugha ya huku, jioni Mama ananifundisha ya kwetu, kwa kitabu na kwa ukali. Kwa hiyo nina lugha mbili, na zote mbili naziogopa mbele za watu. Baba husema nimekuwa kama mtu mwenye magari mawili anayetembea kwa miguu. Mama ni daktari wa meno: kutwa anawaambia watu wafungue midomo, kisha anarudi nyumbani kwa binti asiyefungua wake. Huo nao ni utani wa Baba. Umeota mvi, yeye bado anaucheka.

Baba anajenga daraja. Ndilo lililotuleta nchi hii nikiwa na miaka tisa. Sasa nina kumi na tano na daraja limebakiza rangi na taa.

Jumapili, 5 Julai

Baba ameitoa kofia msumarini! Maana yake safari zimeanza.

Nieleze, maana nikija kusoma haya nikiwa mzee huenda nimesahau. Wiki yetu ya kwanza huku tulitoka kwenda kutembea, Baba na Mama wakabishana juu ya ramani mpaka jua likazama tukiwa bado kwenye maegesho ya magari. Hatukuona kitu zaidi ya magari ya wenzetu. Kesho yake Mama akatunga sheria. Kuna kofia moja, ya njano ya kuumiza macho, tuliyopewa bure tuliponunua rangi ya ukuta. Anayeivaa ndiye kiongozi wa safari ya siku hiyo. Yeye anachagua pa kwenda, anakata tiketi, anauliza njia. Wengine wanamfuata. Na mwenye kofia habishiwi, hata akikosea, mpaka wote tumeingia mlangoni kwetu.

Zamu zinakwenda hivi: Baba, Redio, mimi, Mama. Redio ni mdogo wangu, ana miaka tisa, anaanza matangazo akifumbua macho na anazimika betri ikiisha. Zamu yangu inapofika huwa nampa yeye. Tangu sheria itungwe sijawahi kuivaa kofia ile hata mara moja. Redio ananiita Kobe, kwa sababu mtu akiniuliza kitu shingo yangu inarudi ndani.

Jumamosi, 11 Julai

Tumepanda mlima ndani ya kichumba cha vioo kinachovutwa kwa waya! Chini yetu misitu, kisha mawe, kisha mawingu. Nilidhani nitaogopa, kumbe nilitaka kisifike. Huko juu sina haya. Haya zangu ni za watu tu. Baba, mwenye kofia, alikuwa anaukagua waya badala ya kutazama mandhari, Mama akamwambia, "Ukiendelea kuuhesabu huo waya nitashuka hapa hapa."

Hayo ndiyo mazuri. Sasa mabaya.

Wakati wa kurudi niliegemea kioo cha gari nikafumba macho. Sikulala. Mama alisema taratibu, "Huko kwenye daraja jipya hakuna shule inayomfaa. Aanze lugha ya tatu miaka miwili kabla ya mtihani? Abaki nyumbani na Mama yangu."

Baba akauliza, "Na yeye ulishamuuliza?"

"Nikimuuliza atasema nini? Atasema sawa."

Kwa hiyo kuna daraja jipya, nchi ya tatu, milimani. Watakwenda watatu. Mimi nitaachwa kwa Bibi kama sanduku lisiloingia kwenye buti. Nyumbani! Mahali ninapopajua kwa picha na kwa simu za siku za sherehe, ambako nimekwenda mara mbili tu tangu tuondoke.

Na lililoniuma kuliko yote ni kwamba Mama amesema kweli. Ningesema sawa.

Jumatatu, 13 Julai

Joto. Nimekasirikia mkate, viatu na mswaki.

Jumamosi, 18 Julai

Jumatano ilikuwa zamu ya Redio, leo yangu. Nikampa Redio.

Alitupeleka kwenye machimbo ya chumvi, chini kabisa ya ardhi, kwa lifti iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Kuta zote chumvi, sakafu chumvi, wamechonga hadi kanisa na ngazi na taa. Redio alilamba ukuta, akalamba nguzo, akamuuliza mlinzi kama watu wa humu wanakula chakula kisichotiwa chumvi. Mlinzi akacheka mpaka akamwonyesha mlango ambao wageni hawapiti, tukaona ziwa jeusi lililotulia kama kioo. Tumeliona kwa sababu ya mdomo wa Redio. Niliwaza: je, ni milango mingapi nimeipita kwa sababu ya mdomo wangu?

Mama aliniangalia mara nyingi leo. Nikigeuka anatazama pembeni. Namwona kama mtu aliyekwisha kuniaga.

Jumamosi, 25 Julai

Tunafungasha! Daraja limekabidhiwa, fanicha zimekwenda kwa meli. Kesho tunaruka nyumbani kumtembelea Bibi, mwezi mzima kasoro siku chache. Baada ya hapo daraja jipya. Hakuna aliyeniambia lolote bado. Nimefungasha nguo zangu zote, hata za baridi, ili waone kuwa sijui kitu.

Redio ameivaa kofia kitandani ili isisahaulike.

Jumatatu, 27 Julai

Bibi ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka lakini sauti yake imekua. Sikio moja limekufa na la pili, anasema, linafanya kazi nusu siku. Kwa hiyo anapiga kelele, na anataka apigiwe kelele.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

"Nani kafariki?"

"Nimesema shikamoo, Bibi!"

"Marahaba! Sasa ulikuwa unamwamkia nani mwanzo, huyo mchwa mlangoni?"

Redio alianguka kwa kicheko. Bibi akamkumbatia, "Mume wangu huyu! Miguu mirefu hivi, utanioa lini?" Redio, mara ya kwanza katika maisha yake, akajificha nyuma ya Baba.

Mchana mvua ikanyesha. Bibi anasema itakuwa hivi kila siku baada ya chakula mpaka tuondoke.

Jumatano, 29 Julai

Nilitumwa dukani kununua sabuni. Nilijiandaa njia nzima. Nikafika nikasema, "Samahani, ningependa kujipatia kipande kimoja cha sabuni ya kufulia." Muuza duka akaacha kupima mchele. Akamwita mkewe, "Njoo usikie taarifa ya habari!" Mke akaja, akaniomba niseme tena.

Nimerudi bila sabuni. Bibi hakuuliza kwa nini. Amevaa viatu, kanishika mkono, tukarudi wote. Pale dukani akajifanya hasikii kabisa. Kila alichoambiwa na muuza duka alinigeukia, "Anasemaje?" na nikalazimika kumpigia kelele sikioni, na kila alichojibu akasema, "Mwambie." Tumenunua sabuni, kiberiti na ugomvi mdogo juu ya sukari iliyolowa, vyote kupitia mdomo wangu. Mwisho muuza duka akasema, "Taarifa ya habari leo imekuja na msemaji wa serikali."

Nilicheka. Nikagundua nimesimama pale muda wote shingo ikiwa nje.

Jumamosi, 1 Agosti

Zamu ya Mama. Safari ya kwanza ya ndani ya nchi yetu wenyewe: mapango yenye mto ndani! Bibi hakuja, alikuwa na mgeni.

Langoni kuna madirisha mawili ya tiketi, moja la wananchi na moja la wageni kutoka nje. Sisi wanne, bila kuambizana, tukajipanga kwenye la wageni. Mama na kofia yake mbele. Miaka sita mfululizo hilo ndilo dirisha letu, miguu imezoea. Tulipofika, mkata tiketi alitutazama mmoja mmoja.

"Mnatoka nchi gani?"

Mama akataja hii hii.

"Sasa mbona mnaikimbia?"

Foleni nzima ilicheka, ya huku na ya kule. Mama alivuta kofia hadi puani. Baba alisema, "Mwenye kofia habishiwi," na Mama akamkanyaga.

Ndani nilisahau kila kitu. Giza, maji yanayosema peke yake, na popo wengi kama majani. Kiongozi wa mapango alizima taa akatuambia tuite majina yetu, mwangwi utatujibu. Redio akaita. Baba akaita. Mimi sikuita. Nilipokuwa natoka nilirudi hatua chache, nikaita kidogo. Ukaniitikia.

Jumanne, 4 Agosti

Jikoni kwa Bibi kuna kalenda ya zamani, mwaka wake ulipita siku nyingi. Bibi hataki kuitoa. Picha yake ni maporomoko ya maji, yale ambayo wageni wanavuka dunia kuja kuyaona, na hayako mbali na hapa, ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari.

"Umewahi kwenda, Bibi?"

"Nani? Mimi? Nimezaliwa hapa, nitaolewa na mjukuu hapa, nitazikwa hapa. Maporomoko nayaona kila siku nikikoroga uji." Akageuza kijiko. "Babu yako aliniahidi tukapumzike kule akistaafu. Akastaafu, akapumzika moja kwa moja."

Alisema kwa kucheka, lakini aliifuta vumbi ile picha kwa upande wa kanga.

Moyo wangu ukaruka. Nimejua naitaka zamu gani na ya kwenda wapi.

Ijumaa, 7 Agosti

Bibi amenipeleka kuona shule ya hapa. Alidai anapita tu kumsalimia mwalimu mkuu, ambaye Bibi ndiye aliyemlea utotoni. Mwalimu mkuu akaniuliza maswali, Bibi akawa anauliza "Amesemaje?" kila nilipojibu, nikawa nayajibu mara mbili, ya pili kwa nguvu. Nadhani nimeanza kumshtukia Bibi. Sikio lake linakufa na kufufuka linavyotaka.

Wasichana wawili wa darasa ambalo ningeingia wakanionyesha maktaba. Mmoja akasema, "Unaongea kama kitabu." Mwingine akasema, "Afadhali, atatuandikia barua za kuomba ruhusa."

Nataka kubaki.

Nimeiandika ndiyo nikaiona. Si kuachwa. Kubaki! Mwezi uliopita nilikuwa nalia kwa neno lile lile.

Jumamosi, 8 Agosti

Baada ya chakula, mvua ikinyesha, Mama na Baba waliniita barazani. Mama alinishika mikono. Alisema kulikuwa na mpango wa kuniacha hapa nisome, lakini wameufuta. Ameniangalia wiki hizi mbili na ameona haiwezekani. "Wewe si mtoto wa kuachwa peke yako, mwanangu. Utakwenda nasi. Shule tutatafuta, hata ya kwa posta. Usiwe na wasiwasi tena."

Alikuwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Na mimi, dunia inihurumie, nikasema, "Asante, Mama."

Asante!

Jumatano, 12 Agosti

Nimejaribu kumwambia asubuhi. Nikamwomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Ijumaa, 14 Agosti

Kesho ni safari ya mwisho kabla ya kuondoka. Wiki iliyopita Baba alitupeleka tu kwenye daraja la reli alilolipenda akiwa mwanafunzi, tukalipongeza daraja tukarudi. Jumatano Redio akatupeleka bustani ya wanyama. Kwa hiyo kesho ni mimi. Redio amekwisha kuiweka kofia chini ya mto wake, kwa mazoea.

Jumapili, 16 Agosti

Jana sikuandika, nilikuwa nimelowa na kuchoka. Naandika yote leo.

Asubuhi Redio alitoka chumbani na kofia kichwani. Nikanyoosha mkono.

"Leo yangu."

Chai zilisimama njiani. Mama akasema, "Mwenyewe? Una hakika? Si lazima..."

"Mama," Baba akamwambia, "mwenye kofia."

Nikaivaa. Inabana na inanuka kichwa cha Redio. Nikatangaza: tunakwenda kwenye maporomoko, na Bibi anakuja. Bibi akasema hawezi, ana kuku, ana miguu, ana mambo. Nikamsogelea sikioni, "Bibi! Mwenye kofia habishiwi!" Akanitazama, akaingia ndani, akatoka amevaa kanga mpya. Kumbe alikuwa ameipiga pasi tangu alfajiri.

Tulikodi gari na dereva. Njiani nilimpa Bibi maelekezo kwa kelele: kuna watu wengi kule, asihangaike kututafuta, popote alipo afuate kofia ya njano tu. "Hiyo nitaiona hata nikifa," alisema. Miwani yake alikuwa ameisahau kwenye kabati, na simu aliiacha ikichaji, lakini hayo niliyajua baadaye.

Langoni nilikwenda kwenye dirisha la wananchi nikakata tiketi tano. Sauti ilitoka. Mkata tiketi hakucheka wala hakushangaa. Alinipa tu tiketi, kama watu wote.

Na maporomoko! Sijui niandike nini. Picha ya Bibi ni uongo, ni ndogo. Ardhi inakatika, na mto mzima, bila kufikiri, unajitupa. Moshi wa maji unapanda mpaka juu ya miti. Kifua kilikuwa kinatikisika kama kuna ngoma ndani. Bibi alishika ukingo wa chuma kwa mikono miwili. Tulisimama wote watano, tukilowa, tukicheka bila sababu.

Kisha Redio aliteleza akaingia kwenye dimbwi mpaka kiunoni. Nikamwacha Bibi kwenye benchi, Baba akiwa mita chache anapiga picha nguzo za daraja la waenda kwa miguu, na Mama akiwa amekwenda kununua maji. Nikamkimbiza Redio kwenda kumkamua. Tuliporudi benchi lilikuwa tupu.

Mlinzi alikuwepo. Nikamwendea, nikamweleza Bibi alivyo.

"Kanga ya buluu? Si kaingia kwenye basi na wale wazee wenziwe?"

"Wazee gani?"

"Watalii. Wale wote wenye kofia za njano."

Nilikuwa nimewaona tulipofika, kundi zima la wazee wastaafu, wote wamevalishwa kofia za njano na kampuni yao. Nilikuwa nimewasikia hata lugha yao, ile ya nchi tuliyotoka, na nikajisikia vizuri moyoni kuisikia. Bibi alifuata kofia. Alifanya nilichomwambia.

Mama alianza kulia na kuzunguka. "Mama yangu! Hasikii, haoni, hana simu!" Baba alifungua mdomo atoe amri. Kisha akaniangalia kichwani, akaufunga. Wote watatu walinitazama. Nilitamani ile kofia ipeperuke.

Nikamuuliza mlinzi basi limekwenda wapi. Bustani ya vipepeo, chini ya kilima. Ana redio ya mawasiliano? Anayo. Aliita mlinzi wa kule. Sauti ikajibu kwa mikwaruzo: ndiyo, basi limefika, lakini kiongozi wao ni mama mmoja wa huko huko kwao na haelewani na mtu hapa. Nikaomba ile redio. Sikuomba kwa kunong'ona. Nilizungumza na yule mama kwa lugha yake, mbele ya mlinzi, mbele ya foleni nzima, mbele ya Mama ambaye aliacha kuzunguka. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyezidi kwenye kundi lake.

"Nimehesabu kofia," alijibu, "hakuna aliyepungua."

"Aliyezidi je?"

Nilimsikia akihesabu upya. Kisha, "Kuna bibi mmoja tuliona hana kofia, tukampa ya akiba."

Tuliteremka kilima kwa gari, mvua ya mchana ikiwa imeanza. Mama alikuwa amenishika goti, nadhani hakujua.

Tukamkuta chini ya paa la makuti la bustani. Ameketi kwenye kiti cha kati, kofia ya njano juu ya kitambaa, wazee wa watu wamemzunguka, mmoja kamshikia mwavuli ingawa wote wako ndani. Alikuwa anawahadithia kwa sauti yote aliyo nayo, nao wanacheka anapocheka. Aliponiona akapandisha mikono.

"Mlikuwa wapi nyie? Nimewafuata tangu kule juu, kumbe si nyie! Hawa ni watu wazuri lakini hawajui kuongea kabisa. Njoo hapa, nina maneno yamenijaa. Waambie."

"Niwaambie nini, Bibi?"

"Ninachosema!"

Nyuso zote zilinigeukia. Nyuso nyingi kuliko darasa. Shingo ilianza kurudi ndani, naikumbuka ilivyoanza. Lakini Bibi alikwisha kuanza kusema, na asiyetafsiri angeachwa nyuma.

Akawaeleza kalenda. Kwamba ilipokwisha mwaka hakuitoa. Kwamba mumewe aliahidi kumleta, na kila alipokoroga uji aliyatazama yale maji akamwambia marehemu, wewe mwongo wangu. "Leo nimefika," alisema. "Na jambo moja ile karatasi haikuniambia. Haya maji yana sauti! Miaka yote nayaona yanaanguka kimya. Leo sikio langu bovu, hili la kulia lililokufa, limesikia. Limesikia!"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mahali pa mwongo wangu nilikwama, nikatafuta, nikapata. Mzee mmoja alivua miwani akaifuta. Yule mama kiongozi akaniomba nimuulize Bibi swali, kisha mwingine swali, kisha wote. Ameolewa miaka mingapi? Kanga zile zinafungwaje? Na yule bibi wa kwao mwenye fimbo akataka Bibi aambiwe kwamba yeye pia ana mwongo wake, kazikwa mwaka juzi. Maneno yalikwenda na kurudi kupitia kwangu mpaka mvua ikakatika, na sikuwa na magari mawili tena. Nilikuwa daraja, wanapita juu yangu kwenda na kurudi, nami sitikisiki. Baba nilimwona pembeni. Hakuwa anatazama paa wala nguzo.

Kwenye gari, mvua ilianza upya ikipiga bati la juu kama mawe. Bado nina kofia. Nikasema, "Nataka kubaki na Bibi nisome hapa."

"Unasemaje?" Mama aliuliza, kwa sababu ya mvua.

"Nimesema nataka kubaki!"

Dereva aligeuka. Bibi, mwenye sikio la nusu siku, akasema, "Nimesikia."

"Tutazungumza nyumbani," Mama akasema.

Redio akarukaruka kitini. "Mwenye kofia habishiwi! Mwenye kofia habishiwi!"

"Sheria ni ya safari tu," Mama akajibu. "Niliitunga mimi. Tukiingia mlangoni imekwisha."

Tukafika. Baba akafungua mlango, Mama akaingia, Redio akaingia. Bibi akaketi kwenye ngazi ya nje, akavua kiatu kimoja, akaanza kujisugua mguu.

"Mama, ingia ndani, unalowa," Mama alimwambia.

"Sijafika."

"Mama!"

"Nimesema sijafika. Sheria si mpaka wote tuingie? Mimi ni wote."

Mama akatoka kuja kumnyanyua. Bibi akajifanya mzito. Mwishowe Mama akaketi naye, nami nikaketi upande wa pili, na Baba akatuletea mwavuli mmoja usiotosha mtu.

Mama aliuinamisha mwavuli upande wangu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ndogo, kama yangu. "Kwenye simu huongei. Unasema ndiyo, sawa, mzima. Nitajuaje kama kweli u mzima? Watu wote midomo yao naiona ndani. Wako sijui kuna nini."

Na mimi mwezi wote nilidhani alikwisha kuniaga! Kumbe kila aliponitazama alikuwa ananisikiliza, na hakuna kilichotoka.

"Nitakupigia mimi," nikasema. "Na nitaongea."

"Utaongea nini?"

"Nitabishana na wewe."

Alicheka na kulia kwa pamoja, pua ikatoa mlio. "Juu ya nini?"

"Chochote utakachosema."

Bibi akauliza, "Anasemaje?" Tukamwambia wote wawili, kwa pamoja, kwa kelele. Akavaa kiatu.

Mama alisimama wa kwanza. Akaushika mlango, akanitazama kichwani. "Mwenye kofia," alisema, "naomba ruhusa ya kuingia. Sibishi."

Jumatatu, 17 Agosti

Nimekwenda dukani kununua sabuni. Nimesema tu, "Nipe sabuni." Muuza duka amesikitika, amesema taarifa ya habari imeshuka kiwango.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimepimiwa sare ya shule. Bibi amemwambia fundi aache nafasi mabegani, "huyu anakua." Kalenda imetolewa. Pale msumarini ameitundika ile kofia yake ya akiba.

Jumapili, 23 Agosti

Wameondoka leo.

Redio hakutangaza kitu njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege. Mwisho akanivuta chini akaninong'oneza, "Sasa zamu yako atakuwa anapewa nani?" Nikamwambia yangu inaendelea huku. Akasema hiyo si haki, kisha akanikumbatia kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Baba alisema kila daraja lina ncha mbili, akataka kuendelea, kisha akajifanya anatafuta pasipoti.

Baada ya zamu yangu ni zamu ya Mama. Nikaitoa kofia ya njano kwenye mkoba nikamvisha mwenyewe, nikairekebisha mbele.

"Haya," Mama akasema, "amri yangu ya kwanza. Hakuna kulia hapa."

Mwenye kofia habishiwi. Nilikaza taya. Waliingia mlango wa vioo, wakapita kwa wakaguzi, na juu ya vichwa vya watu wote niliiona ile njano ikienda, ikizidi kuwa ndogo, ikageuka mara moja, ikakata kona.

Kofia ilipopotea machoni, sheria ikaisha. Nililia nilivyotaka.

Bibi alisubiri kando, mikono nyuma. Niliponyamaza akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia nimemaliza. Akatazama huku na huku, watu wengi, milango mingi.

"Haya, mjukuu wangu. Njia ya kutokea ni ipi?"

Sikuijua. Nikamwendea mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, nikauliza.